Tunda la Shamba Lililolala

Bura,
14 Septemba 2024

Shangazi Kadzo,
Kwa mkono wa Teresia wa duka, Tarasaa.

Shangazi yangu,

Nakusalimu, Nelly anakusalimu, na watoto wanakusalimu kwa kelele ambazo hata masikio yako yangezisikia. Sisi hatujambo. Kiti ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Mapenzi ameanza shule. Siku ya kwanza alirudi akatuambia mwalimu hajui kitu, maana kutwa nzima alikuwa akiwauliza wao.

Mwezi uliopita nilikupigia simu mara tatu. Mara ya mwisho nilisema, "Shangazi, ni mimi Randu," nawe ukanijibu kwamba samaki wamekwisha. Basi nimerudi kwa kalamu. Darasa la ngumbaru halikukusomesha bure.

Shangazi, nilikaa jana nikahesabu miaka. Baba tulimzika Machi 2018. Unakumbuka alivyosema akiwa kitandani, kwamba shamba lilazwe miaka saba, jembe lisiliguse, na atakayelizindua awe amekula tunda la mkone uliozaa humo humo. Masika yajayo miaka saba inatimia. Nimekuwa nikiyarudia mafunzo yake kila ninapopalilia hapa: mwaka wa kwanza hutoka mbigili na mchunga, kisha nyasi, kisha vichaka, na mwisho mkone na vitunda vyake vitamu. Mkone ukizaa, ardhi imeshiba usingizi.

Na shamba letu halikulala na njaa kama mengine. Wewe ulikuwepo nilipobishana naye. Yeye akisema ardhi hailishwi, hulazwa. Mimi nikisema ilishwe kwanza ndipo ilale. Mikokoteni kumi na minane ya samadi kutoka boma la Mzee Dabaso, nikaisambaza kwa mikono yangu. Miaka mitatu tukavuna mahindi ambayo shamba la kutegemea mvua halikuwahi kuyaona. Wiki moja kabla hajafa aliniambia, "Randu, samadi yako imenishinda." Neno hilo nimekuja nalo mpaka huku Bura, na siku nikichoka hulitoa nikalitazama.

Si kwamba nina haraka. Huku maji ya mfereji yapo na mahindi yanafika begani. Nauliza tu. Shamba limelala vipi?

Mwanao,
Randu Kiti


Tarasaa,
27 Oktoba 2024

Baba,

Nikikuita baba usivimbe kichwa. Umebeba jina la babangu, na ningekuita hivyo hata ungekuwa mbuzi.

Salamu zako zimefika. Barua ilikaa wiki tatu chini ya kopo la sukari dukani kwa Teresia, ikaja na sisimizi wake, nao nimewasalimia. Mimi mzima. Kuhusu samaki, wewe ndiye uliyetaja samaki, mimi nilijibu tu. Mwambie Kiti acheke. Mimi nimebaki na meno sita na nacheka mpaka machozi, hasa Teresia anapojifanya hajui bei.

Vuli imeanza kidogo. Mvua mbili, ya tatu ikapita upande wa Garsen bila kutuaga. Kuku wangu mweupe amechukuliwa na nguchiro. Nguzo za jikoni zina mchwa. Mguu wangu wa kushoto ulidungwa na kamwiba tangu mwezi wa saba. Unavimba ukitaka na kunywea ukitaka, kama mtu mwenye cheo. Si kitu.

Unauliza shamba. Shamba lipo pale pale, halijahamia Malindi. Limelala usingizi wa kweli. Ni kijani, wala sisemi kijani cha mvua: hata Februari, jua linapopasua mitungi, lenyewe ni kijani. Ndege wamejaa humo na kivuli ni kingi. Tangu nizaliwe sijaona shamba lililolala likawa kijani vile. Umeridhika?

Sasa sikiliza. Aliye kando ya mfereji asianze kutazama mawingu. Kaa huko kwenye maji, usomeshe watoto. Subira huvuta heri, na subira yako tangu utotoni ni ya kuku aliyeona mtama.

Shangazi yako,
Kadzo


Bura,
9 Desemba 2024

Shangazi,

Hujambo huko? Mguu je? Usiniambie si kitu. Huku joto limetuzidi. Nelly alikuwa na homa lakini amepoa, watoto wamefunga shule, na Kiti sasa anacheka, ila ameweka kiganja mdomoni kama mzee wa baraza.

Barua yako niliisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea Nelly. Lile la kijani alinitaka nilirudie. Akainuka akaenda nje, akarudi macho mekundu, akaanza kuhesabu vyombo. Nimefurahi, Shangazi. Najua ni samadi ile. Mashamba ya wenzetu yaliyolazwa huwa makavu kama mkeka wakati wa kiangazi. Letu baba aliliacha limeshiba.

Basi sikiliza mpango wetu. Tunakuja katikati ya Machi ili tufyeke na kuchoma kabla ya mvua. Mbuzi tumeshawauza. Mabati ya jikoni nimeyafungua. Usiniulize kwa nini sasa, mambo mengine tutazungumza tukionana, nikiwa karibu na sikio lako zuri.

Nina ombi moja. Vuli imenyesha, kwa hiyo mkone lazima umezaa. Nichumie konzi moja tu ya matunda yake, hata kama yamekauka, umpe Nicholas, yule kijana wa pikipiki anayeleta maembe huku. Nataka tuyale hapa, mimi na Nelly na watoto, kila mtu mawili matatu. Baba alisema mtu aingie shambani kwa mdomo kabla ya kuingia kwa jembe. Tukifika Machi tuwe tumekwisha kuingia.

Konzi moja tu, Shangazi.

Randu


Tarasaa,
11 Januari 2025

Baba,

Heri ya mwaka. Sisi huku tuliupokea kwa jua. Pole kwa homa ya Nelly. Mpe maji ya mwarobaini hata akikunja uso.

Habari ni nyingi. Teresia amenunua jogoo mwenye kiburi, anawika saa sita ya mchana, na sasa watu wanamuuliza kama ni jogoo au ni saa mbovu. Binti ya Mzee Dabaso, Nuria, amejifungua salama, mtoto wa kike. Mzee mwenyewe hana raha. Mbuzi wake wamepata ugonjwa wa meno, yanaoza na kung'oka, na mbuzi asiye na meno ni mfuko wa ngozi tu. Alikuja akakaa hapa barazani saa nzima bila kusema neno, nami kwa kuwa sisikii tulielewana sana.

Kuhusu Machi, msije. Nyumba inavuja upande wa kusini. Mchwa wamemaliza nguzo mbili. Jua la Machi mnalijua, mtaleta watoto waungue hapa kwa nini? Ngojeni kwanza. Na hayo mabati uliyofungua, yarudishe mahali pake, jiko bila paa ni mkosi.

Nicholas alipita siku nikiwa nimelala na mguu, akaondoka kabla sijaamka.

Nawasalimu wote.

Kadzo


Bura,
2 Februari 2025

Shangazi,

Barua yako nimeipata. Umeniandikia juu ya jogoo wa Teresia, meno ya mbuzi, mchwa, na jua. Mkone hukuutaja. Nimeisoma juu mpaka chini, nikaigeuza nyuma, nikaangalia ndani ya bahasha. Hakuna.

Nicholas alifika juzi na maembe. Nilimuuliza kama hukumpa kitu. Akasema hapana. Nikamuuliza kama amepita karibu na shamba la baba. Akasema anapita kila wiki. Nikamwambia anieleze alichoona, naye akafuta kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na vumbi. Ndipo akasema, "Bro, mimi sitaki kuingia mambo ya familia. Lakini mbuzi za Mzee Dabaso ziko ndani kila siku. Asubuhi zinaingia, jioni zinatoka tumbo ndii. Hapo ni kwake, si unajua?"

Sikujua. Ninajua sasa kwa nini nisije Machi.

Shangazi, niambie mwenyewe kabla sijaambiwa na wengine. Umelikodisha au umeliuza? Kama ni shida ungeniandikia, ningekula mara moja kwa siku nikutumie. Baba alikuacha hapo ulilinde. Hakukuachia uligawe. Nilikuwa nikiwaambia wanangu habari za shamba hilo kila jioni, Kiti analijua lote bila kulikanyaga, anajua kichuguu kiko wapi na babu yake amelala wapi. Leo nitamwambia nini? Kwamba shangazi ya baba yake alipewa ufunguo akafungulia mbuzi?

Nina hasira, na sitaki kuandika zaidi.

Randu


Tarasaa,
19 Februari 2025

Baba,

Salamu ni salamu, hata kutoka kwa aliyenyimwa. Hamjambo?

Barua yako nimeisoma mara nne. Nilidhani ngumbaru imenidanganya herufi. Miaka sitini na nane sijawahi kuitwa mwizi, na aliyekuja kuniita ni mtoto niliyemfunga nepi.

Uliniomba tunda la shamba. Fungua karatasi niliyoikunja humo ndani. Hilo ndilo tunda. Sikukuletea konzi kwa sababu bahasha ni ndogo, lakini ungetaka gunia ningekuletea magunia, mwaka mzima, bila kungoja vuli. Ganda refu la manjano, tamu ukilitafuna. Wewe unaishi Bura, huna haja ya mimi kukutajia jina.

Sasa nikueleze, maana umeniudhi kiasi cha kusema kweli. Mwaka wa kwanza mchunga ulitoka vizuri, nilipika na kugawa. Mwaka wa pili katikati ya nyasi kukawa na vijiti vya magotini, vijani vyake vidogo vidogo kama vya mkwaju. Nikasema, mkwaju mbona si mbaya. Mwaka wa tatu vilinipita kichwa na kunionyesha miiba. Wa nne, chini yake hakuna nyasi hata ya kufungia kuku. Mkone ulitoka, usidhani haukutoka. Ilikuwa miwili, kando ya kichuguu, ikatoa maua mwaka mmoja. Nilikuwa naenda kuitazama kila jioni. Mwaka wa tano ikakauka ikiwa imesimama.

Nilikata. Nilikata na panga la kakangu mpaka mpini ukalegea. Kila nilichokikata kilirudi na ndugu zake wanne. Ndipo nikaona mbuzi wa Dabaso wanapenda lile ganda, na mimi na akili zangu za uzee nikafikiri, wakilila lote mbegu itakwisha. Nikamwomba awalete. Mimi nilimwomba, yeye hakuniomba. Wamekula mpaka meno yao yakaoza, na kila walipokunya pameota. Huyo ndiye mnunuzi wa shamba lako.

Niliacha kukata shamba. Nabaki na njia tu. Kila mwezi nakata njia ya mtu mmoja kutoka nyuma ya nyumba hadi kwenye kaburi la kakangu, hatua themanini na mbili, ili asifungiwe humo ndani kama mbuzi aliyepotea. Hapo ndipo nilipodungwa. Nilikuandikia shamba ni kijani, na ni kijani. Niliandika kivuli ni kingi, na ni kingi. Sikusema uongo hata mmoja, lakini nililia kila nilipofunga bahasha.

Usiniulize mbegu ya kwanza ilitoka wapi. Mimi sijui mambo ya mbegu. Kuna vitu huletwa na upepo.

Kadzo


Bura,
6 Machi 2025

Shangazi,

Nisamehe. Sijui niandike nini kingine kwenye mstari wa kwanza, na salamu zangu nimeona haya kuzileta kabla ya neno hilo.

Upepo hauleti mathenge. Umenifichia na nimeshukuru, lakini huku kwetu hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Huku tunaishi ndani ya miti hiyo ya miiba. Tunaikata kando ya mifereji kila wiki, tunairukia barabarani, inatoboa magurudumu ya pikipiki. Ng'ombe hula ganda, mbegu hupita tumboni nzima nzima, na inapotoka na mavi ndipo huwa tayari kuota. Nilifungua karatasi yako, ganda likaniangukia mapajani, na kabla sijafika mwisho wa barua nilikuwa nimeshaelewa.

Nimekumbuka siku tuliyopakia mkokoteni wa kwanza. Ulikuwa mwaka wa ukame na ng'ombe wa Mzee Dabaso walikuwa wamerudi kutoka huku juu. Alinishika bega akacheka, akasema, "Randu, ng'ombe hii imekula ganda ya Bura kiangazi yote. Ona vile imenona. Mbolea yake ni nguvu tupu." Nami nikacheka naye.

Nimekumbuka na jambo baya zaidi. Palizi ya pili, mwaka ule ule, baba aliinama akang'oa kimche, akakiweka kiganjani. Akasema, "Randu, hiki kimajani si cha kwetu." Nikamwambia samadi nzuri huja na magugu yake, baba. Akakitupa. Miaka mitatu tulikilima kila msimu pamoja na magugu mengine bila kukijua, na jembe ndilo lililokuwa likikizuia. Siku tulipoweka jembe chini kwa heshima yake, tukakikabidhi shamba.

Yeye alikuwa na haki. Alisema ardhi hailishwi, hulazwa, na mimi nikambishia kwa maneno ya semina ya kilimo ya siku mbili. Amekufa akiniambia nimemshinda. Shangazi, hilo ndilo linaloniuma kuliko shamba. Ningetamani angekufa akinitukana.

Sasa na mimi nitoe changu. Shamba ninalolima huku si langu, unajua, nilikuwa nalima la mzee mmoja aliyeshindwa na umri. Mwanawe amerudi kutoka Mombasa na familia na anataka kulima mwenyewe. Alinipa habari Agosti, kwa upole, akanipa mpaka mwisho wa Machi. Hana kosa, ni haki yake. Nilipokuandikia ile barua ya kwanza na kusema sina haraka, alikuwa ameshaniambia. Hatuna pengine pa kwenda. Tunakuja hivyo hivyo. Nina shoka mbili.

Na mguu wako. Mwiba wa mathenge si kamwiba. Huku nimeona watu wakipoteza vidole. Tangu mwezi wa saba, Shangazi! Mwambie Teresia akutafutie gari uende hospitali kesho. Usinijibu barua hii. Nenda.

Randu


Tarasaa,
8 Juni 2025

Shangazi Kadzo,
Wodi ya wanawake, Malindi.

Shangazi,

Nakusalimu kutoka kwenye kiti chako mwenyewe. Siku hizi wewe uko mbali na mimi niko barazani kwako, na jogoo wa Teresia anawika saa sita ya mchana kama ulivyosema. Nelly na watoto hawajambo. Kiti ameota jino. Nuria anakusalimu na ameleta maziwa mara mbili. Teresia anakuja Malindi Jumanne kuchukua mali ya duka, ndiye atakayekuletea hii, pamoja na kitenge chako cha bluu na ile ndoo yenye kifuniko.

Tangu siku ile ya Aprili tulipokukuta una homa na Mzee Dabaso akakubeba mgongoni mpaka barabarani, sijapata moyo wa kukaa nikakuandikia. Nilitaka kwanza niwe na habari nzuri. Nimengoja wiki nane. Nitakuandikia zilizopo.

Tumekata mimi na Nelly kila siku. Tulifungua mahali pa ukubwa wa nyumba mbili. Tukachoma visiki, tukachimba vile tulivyoweza, na mikono ya Nelly imekuwa ya mtu nisiyemjua. Kisha mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua nzuri, Shangazi, miaka mingi haijanyesha vile. Wiki mbili baadaye visiki tulivyochoma vilichipua pembeni, na ardhi tuliyoifungua ilipopata jua ikatoa miche mipya, imejaa, imekaa sawasawa kama iliyopandwa na mtu mwenye bidii. Nilikaa chini katikati yake. Mtu huyo mwenye bidii ni mimi.

Mzee Dabaso alikuja akasimama kando. Akasema, "Randu, ile mbolea mimi nilikupa kwa moyo." Nikamwambia najua, mzee. Akasema, "Mbuzi yangu sasa haina meno. Mimi pia imenikula." Alinisaidia kuburuta matawi mawili, akaenda zake.

Watu wananiambia nichome makaa, miti yenyewe ni makaa mazuri. Huenda nikachoma. Lakini aliyechoma makaa hana mavuno, ana masizi, na kesho visiki viko pale pale.

Nina jambo moja tu la kukuambia ambalo si baya. Njia yako. Kwa sababu uliikata kila mwezi miaka yote hiyo, hapo hakuna visiki, na ardhi yake ni laini. Mchunga umeota pembeni, tuliupika. Nelly alichukua mbegu za mahindi tulizokuja nazo akapanda mle njiani, kutoka nyuma ya nyumba mpaka miguuni pa baba. Ni mstari mmoja, hatua themanini na mbili. Kiti anaulinda na manati kana kwamba ni shamba la serikali. Jana aliniuliza kama hilo ndilo shamba nililokuwa nikimsimulia. Nikamwambia ndiyo.

Daktari amesema nini? Niandikie kweli. Tumekwisha kufichana vya kutosha.

Mwanao,
Randu


Malindi,
21 Juni 2025

Baba,

Salamu nyingi kwako, kwa Nelly, kwa Mapenzi na kwa mlinzi wa mahindi. Kitenge nimekipata, ndoo nimeipata. Chakula hapa hakina chumvi na mwanamke wa kitanda cha pili anakoroma, lakini Mungu alinipunguzia masikio mapema, hilo nimelishukuru.

Umeniambia niandike kweli. Mguu waliukata Jumatatu, juu ya goti. Haikusaidia sana. Daktari ni msichana mdogo, aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili nielewe, na nimeelewa: sumu ilikuwa imeshapanda kabla ya kisu. Alisoma uso wangu akaanza kulia yeye, ikabidi nimbembeleze. Nataka nirudi Tarasaa mwisho wa mwezi, nikiwa mzima au vinginevyo. Nimewaambia sitaki kuzikwa na watu nisiowajua.

Acha kujisema kuhusu babako. Alikuwa mbishi, na tangu utotoni kushinda ndiyo kazi yake. Mara moja maishani alikubali kushindwa na mwanawe, na alikubali kwa furaha, niliuona uso wake. Alikosea kukubali, ni sawa. Muachie furaha yake. Usiende kaburini kumnyang'anya.

Nelly amefanya vizuri kupanda njiani. Ningekuwa na akili ningepanda mwenyewe. Msiyang'oe hayo mahindi. Yaacheni yakomae, watoto wale, na wewe ule, hata kama ni siku tatu tu.

Lakini kuna kazi moja, na nakuomba usiilaze. Ile njia niliikata kwa kipimo changu, mtu mmoja anayetembea kwa miguu yake. Mtu anayebebwa hatoshi mle. Wabebaji hutembea wawili wawili, na miiba iko pande zote, nao pia wana miguu. Ipanue upande wa kulia, usiuguse mstari wa mahindi. Anza sasa, baba, kidogo kidogo kila siku, maana unajua ukikata leo na mimi nikichelewa wiki mbili, utakuta imejifunga tena.

Shangazi yako,
Kadzo